Zamu ya Hoyt

Jumapili ya pili ya Oktoba, wakati wa ushuhuda, Vester Gilliland alisimama katika benchi la tatu kanisani akatangaza kwamba alimuua mdogo wake.

Hakupaza sauti. Alikuwa amevaa suti ya kijivu ambayo mkewe, Imogene, alikuwa ameipiga pasi asubuhi ile, na tai ilikuwa imekwenda upande. Waumini walidhani angemshukuru Mungu kwa ajili ya goti lake, kama alivyofanya mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake.

"Ndugu zangu," alisema, "ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na pombe za jana kichwani. Nikamwambia Hoyt anishikie zamu yangu mgodini. Akaenda yeye, dari ikamwangukia. Nilitakiwa nife mimi. Nimekaa na jambo hili miaka arobaini na tano, na leo nimechoka kulibeba."

Imogene alimvuta koti. "Keti, Vester."

"Niache, Mama Renae. Nasema mbele za Mungu."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, kisha akajifanya anakohoa. Hapakuwa na mtu katika mji wa Harl Springs asiyeyajua maneno yale. Yalikuwa maneno ya wimbo. Aliyeutunga wimbo huo ni Renae, binti yake Vester, na wakati ule alikuwa ameketi kando ya baba yake palepale, anatazama vidole vyake kama mtu aliyeambiwa avihesabu.

Kwenye benchi la pembeni aliinuka mzee Dalton Rusk. Kuinuka kwake hakukuwa jambo dogo, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa yamemla mapafu na kila alikokwenda alikokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu.

"Vester," alisema, akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa dereva wa basi la shule."

"Dalton, wewe unajua. Tulikuwa zamu moja."

"Zamu gani? Wewe hukushuka chini hata siku moja. Uliogopa hata lifti ya hospitali." Akavuta pumzi tena. "Mimi ndiye niliyemfukua Hoyt. Kwa mikono hii. Tulikuwa sita, na wewe hukuwemo. Kama unataka kuimba, kaimbe na binti yako. Lakini usije ukajiweka mahali ambapo watu walikufa."

"Mbona unanikana?" Vester aliuliza. Aliuliza kama mtoto. "Imogene, mbona Dalton ananikana?"

Mchungaji aliwaambia wote wasimame waimbe, na watu wakasimama haraka kuliko walivyowahi kusimama.

Baada ya ibada, pale kwenye maegesho, watu walimpa Vester mikono ile ya kugusa vidole tu. Bi Faylene, msimamizi wa chakula cha pamoja cha kila mwisho wa mwezi, alimfuata Imogene mpaka kwenye gari, akamrudishia bakuli lake la kioo likiwa limeoshwa.

"Mwezi huu usihangaike kupika, dada. Una mengi mikononi."

Imogene alikuwa amepeleka maharage yake kwenye meza ile kwa miaka thelathini. Alilipokea bakuli, akashukuru, akaliweka juu ya mapaja yake njia nzima.

*

Nyumbani chakula kilikuwa kuku wa kukaanga, bamia na mkate wa mahindi, na hakuna aliyekula isipokuwa Vester. Yeye alikula vizuri sana. Alifuta sahani kwa mkate, akaenda kusinzia kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Ndipo Imogene alipofunga mlango wa jikoni.

"Ufute," alisema.

"Nifute nini?"

"Huo wimbo wako. Ufute."

"Mama, wimbo si ubao wa darasani. Uko kwenye santuri, uko kwenye simu za watu. Kuna kijana Ujerumani huniandikia barua pepe kila Krismasi kwa sababu ya wimbo huo."

"Basi mwandikie kijana wako wa Ujerumani kwamba baba yako alikuwa dereva wa basi."

Renae alikuwa na miaka arobaini na minne. Kule Nashville, kwenye kampuni za muziki, walimsikiliza mara mbili, wakamwambia sauti yake ina kokoto. Akaamua kwamba hizo kokoto ndizo mali yake. Aliimba kwenye vilabu vidogo, kutoka Tuscaloosa hadi Asheville, mbele ya watu arobaini au hamsini. Watu hao hawakuja kucheza. Walikuja kukaa na bia zao na kumsikiliza mtu mmoja na gitaa akiwasimulia yaliyowakuta wengine: mwanamke aliyemrudia mume anayempiga, kiwanda cha soksi kilichofungwa bila taarifa, kijana aliyeanza na vidonge vya maumivu ya mgongo akaishia kaburini. Na katika nyimbo za namna hiyo msimulizi husema "mimi", hata kama yaliyotokea si yake. Ndivyo kazi ilivyo. Ukisema "yule", msikilizaji anabaki kwake. Ukisema "mimi", anakaa kimya.

Kwa hiyo katika wimbo wa Hoyt, Renae aliimba kama baba yake:

*Nilimwambia Hoyt, nishikie Ijumaa yangu,*
*kichwa kinaniwanga kwa pombe za jana;*
*akachukua taa yake, akaenda zamu yangu,*
*mlima ukamfunga, mimi nikaamka mchana.*

Ndio wimbo pekee uliowahi kumlipa. Filamu moja iliuchukua, na fedha zile zikaezeka upya nyumba hii ya wazazi wake, zikajenga na ngazi mpya za barazani.

"Lakini kwa nini ulisema alibadilishana zamu?" Imogene aliuliza. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuuliza. "Hoyt alikwenda zamu yake mwenyewe. Baba yako alikuwa barabarani na watoto hamsini wa shule, tena hajawahi kuonja pombe, hata divai ya harusi."

"Kwa sababu dari imeanguka, mtu amekufa: hiyo ni habari ya gazeti, Mama. Nilikuwa na beti mbili na wimbo ulikuwa umekwama. Wimbo hauendi mpaka mtu awe amefanya jambo."

"Kwa hiyo ukampa baba yako dhambi, ili wimbo upate pa kwenda."

"Nilimwomba ruhusa! Ulikuwepo, umesimama hapohapo. Alicheka akasema, nitie tu mwanangu, mimi sijawahi kuwa mtu wa maana namna hiyo."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka yote ile Vester aliuonea fahari wimbo. Alisimama kituo cha mafuta akiwaambia wageni, "Yule mlevi wa kwenye wimbo ndiye mimi, ila mimi sinywi," halafu akacheka peke yake mpaka akafuta machozi.

"Ruhusa ya mtu mwenye akili zake," Imogene alisema. "Sasa hizo akili ziko wapi?"

Renae akasema neno ambalo alikuwa amelizuia tangu kanisani. "Na hedifoni, Mama? Nani aliyemvalisha hedifoni?"

Imogene aligeukia sinki, akafungua maji ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwanza Vester miaka miwili nyuma. Mwaka wa pili akawa na hasira za jioni, anazunguka nyumba akitafuta funguo za basi ambalo serikali ya wilaya ilikuwa imeliuza kama chuma chakavu. Muuguzi mmoja alishauri muziki, hasa muziki anaoujua. Imogene akamvalisha hedifoni, akamwekea nyimbo za Renae. Zilipopigwa nyingine, alizivua hedifoni masikioni. Ule wa Hoyt ulimtuliza. Alikuwa akikaa nao barazani tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, ukiisha unaanza upya, na Imogene akapata nafasi ya kufua, kuoga, kukaa dakika kumi bila kuitwa. Miezi mitano. Kila siku, sauti ya mwanawe mwenyewe masikioni mwake, ikisema: mimi, mimi, mimi.

"Ilikuwa inamtuliza," Imogene alisema, akiwa bado amempa mgongo. "Ningefanyaje? Niambie, wewe unayejua kutunga. Ningefanyaje?"

*

Jumatatu Renae alileta ushahidi. Alishusha kutoka ukutani cheti cha kustaafu: miaka thelathini na mmoja ya kuendesha basi la shule bila ajali. Akatafuta na picha ya Vester amesimama mlangoni mwa basi, mwaka uleule aliokufa Hoyt, kofia imeinuliwa juu ya kipaji cha uso. Alimwekea vyote mapajani.

"Huyu ni nani, Baba?"

"Ni mimi."

"Unafanya kazi gani hapo?"

Vester aliitazama picha muda mrefu. "Naendesha basi."

"Uliwahi kufanya kazi mgodini?"

"Mimi? Thubutu! Kule chini ni kaburi."

"Sasa ungewezaje kubadilishana zamu na Baba Mdogo Hoyt?"

Uso wake ulifunguka polepole. Machozi yakamtoka, yale ya mtu aliyeambiwa kwamba uvimbe wake si saratani. "Kwa hiyo sikumuua?"

"Hukumuua, Baba."

"Bwana asifiwe. Bwana asifiwe, mwanangu." Akaubusu mkono wake.

Walikunywa chai baridi, wakazungumza habari za mbwa wa jirani. Kivuli cha nguzo hakikuwa hata kimehama ubao mmoja wa baraza wakati Vester alipoweka glasi chini akasema, "Yanipasa nikamwone Wynelle. Yanipasa nikamwambie mjane wa Hoyt nilichomfanyia mume wake."

Renae aliichukua picha tena. Alirudia maneno yaleyale kwa utaratibu uleule, na baba yake akafurahi vilevile, akalia vilevile, akaubusu mkono wake. Siku ile alimwondolea hatia mara nne. Siku ya pili mara sita, na kila mara hatia iliporudi ilirudi mpya kabisa, kama habari iliyotoka kupokelewa sasa hivi. Jumatano Imogene alimnyang'anya picha.

"Basi. Unamtesa. Kila ukimtoa shimoni, anaanguka upya."

Daktari wa wazee, walipompigia simu, alisema kitu ambacho pengine huwaambia wote. Wasibishane na mgonjwa. Wamfuate katika ulimwengu wake.

"Daktari," Imogene alisema, "katika ulimwengu wake amemuua ndugu yake. Nimfuate huko nikafanye nini?"

Daktari akasema ataandika dawa ya kumsaidia kulala.

*

Alhamisi Renae alikwenda peke yake kwa Wynelle, maili sita kutoka kwao. Mama mdogo wake huyo hakuolewa tena baada ya Hoyt. Aliishi kwenye nyumba ileile ya mbao, akiwa na kuku wachache na ugonjwa wa sukari. Alimkaribisha kwa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nimwambie nini?"

"Umwambie umemsamehe, Mama Mdogo. Basi. Pengine itamtosha."

Wynelle alizungusha kikombe chake. "Unajua siku ile nilikuwa wapi? Katika wimbo wako nimesimama kwenye lango la mgodi na taa mkononi."

"Ndiyo."

"Nilikuwa saluni. Nimekaa chini ya draya, kichwa kizima rola, nasoma gazeti la mapishi. Nilikimbia hadi mgodini na rola zangu kichwani. Wanaume walikuwa wanatoka kule chini weusi kama masufuria, wakaniona, wakainamisha vichwa. Nikadhani wananicheka nywele." Alikunywa funda la kahawa. "Miaka kumi na mmoja watu wananiuliza ile taa iko wapi. Kuna mmoja alitaka kuinunua."

"Ungeniambia."

"Uliniuliza?"

Renae aliinamia kahawa yake.

"Lakini si taa inayoniuma," Wynelle aliendelea. "Dari ile haikuanguka yenyewe. Haikuwekwa vyuma vya kuishikilia. Hoyt alilalamika Jumatatu, akalalamika Jumatano. Kampuni ikasema vyuma viko njiani. Tulikwenda mahakamani, mimi na wajane wenzangu wawili. Wakili wa kampuni akasema marehemu alikuwa mzembe, tukashindwa. Yote hayo yamo kwenye faili pale wilayani, mtoto, yamejaa vumbi. Wewe ukapita juu yake ukaenda kuimba kwamba kosa lilikuwa la kaka mlevi. Sasa dunia nzima inajua nani alimuua Hoyt. Wale wa kampuni, kama wapo hai, lazima wanaupenda sana wimbo wako."

Kuku aliingia jikoni, akatazama, akatoka.

"Nimekosa," Renae alisema.

"Najua. Ni wimbo mzuri. Hilo ndilo baya lake." Wynelle aliinuka kuchukua birika. "Vester aliwachukua wanangu shuleni kila asubuhi miaka tisa. Mvua ikinyesha alilileta basi mpaka hapa kwenye ngazi, kinyume cha sheria. Nikisema nimemsamehe, nimesema alitenda. Sitamwekea mtu yule neno hilo. Usiniombe."

*

Wiki iliyofuata Renae alijifungia chumbani kwake na gitaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutafuta neno zuri, alitafuta neno la kweli. Alikwenda wilayani akasoma faili. Alitia saluni, akatia rola, akatia vyuma vilivyokuwa njiani na havikufika, akamtia na dereva wa basi aliyeambiwa habari ile kwenye kituo cha kwanza na bado akawashusha watoto mmojammoja hadi mlangoni kabla ya kulia. Wimbo ulikataa kukaa sawa. Ulikuwa na majina mengi na haukuwa na mtu wa kumlaumu aliye karibu. Hata hivyo aliumaliza.

Jumamosi hiyo alikuwa na onyesho Birmingham, akasema ataujaribu huko. Alipomaliza watu walipiga makofi ya adabu. Kisha mwanamume mmoja mwenye ndevu, mezani karibu na mlango, akapiga kelele, "Tupe Ijumaa!"

"Ule siuimbi tena," Renae alisema.

Watu walicheka, wakidhani anatania. Alipoanza wimbo mwingine, mwenye ndevu alisimama. "Dada, nimeendesha gari kwa saa nne. Baba yangu alikufa mgodini. Nimekuja kusikia wimbo ule mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Renae alimtazama, akashindwa kumkatalia. Aliuimba, na ukumbi wote ukauimba naye, na wengine walilia, na yeye peke yake hakuhisi kitu.

Siku ya pili yake, mchana, alimwimbia baba yake ule mpya barazani. Imogene alisimama nyuma ya mlango wa wavu na kitambaa cha vyombo begani. Vester alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, mikono magotini.

"Mzuri," alisema. "Unamhusu nani?"

"Unamhusu Baba Mdogo Hoyt."

"Hapana." Alitikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu. "Hapana, mwanangu, wamekudanganya. Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwepo."

Akaanza kuimba mwenyewe, kwa sauti iliyopasuka, ule wa zamani. Alikuwa amesahau jina la rais, na siku nyingine jina la mkewe. Katika beti zote nne hakukosea neno hata moja.

*

Jumanne asubuhi Imogene alikuwa anaanika nguo. Aliporudi ndani kiti kilikuwa kitupu.

Walimtafuta kwa saa moja na nusu. Aliyempata ni dereva wa basi la shule, mwanamke aliyeirithi njia ileile ya Vester, akiwa na watoto ndani. Vester alikuwa anatembea ukingoni mwa barabara kuu na ndara za nyumbani, mguu mmoja unatoka damu, malori yakimpita na kumpigia honi. Dereva alimweka kiti cha mbele. Alipofikishwa nyumbani, Renae alimsikia akimwambia yule mama, "Asante, bibie. Lakini ningefika. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kwa Wynelle."

"Alikuwa anaelekea kwake kweli," dereva alimnong'oneza Renae. "Amekwishatembea maili nne."

Mji mdogo hauna siri. Kabla ya saa sita simu ililia, na alikuwa Wynelle.

"Mguu ukoje?"

"Tumeufunga," Imogene alisema.

"Mleteni, shemeji." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mleteni kabla lori halijamgonga. Nitasema hilo neno."

Walimvalisha suti ya kijivu, kwa sababu alikataa kwenda na nguo nyingine. Kwenye gari aliketi kati yao wawili, kofia mapajani.

Wynelle aliwasubiri sebuleni. Alikuwa ameoka keki ya pichi, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, na ameiweka mezani na sahani nne. Vester hakuitazama. Alitembea mpaka kwenye kiti alichokalia Wynelle, akaanza kupiga magoti. Goti lile bovu lilikataa. Renae na mama yake walimshika kwapani, huku na huku, wakamshusha kama watu wanaoshusha kabati zito.

"Shemeji Wynelle," alisema. "Ni mimi niliyemuua Hoyt."

Wynelle alikuwa ameahidi kusema neno moja. Lakini alipouona uso ule karibu, alijaribu kwanza kusema kweli, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli.

"Vester, nisikilize. Hoyt alikuwa kwenye zamu yake. Haikuwa zamu ya mtu mwingine. Ni kampuni. Aliyekosa kuweka vyuma si wewe, ni wao. Wewe hukufanya kosa lolote, maishani mwako mwote sijui kosa lako."

Vester alitabasamu, machozi yakimchuruzika kwenye mikunjo. "Siku zote ulikuwa na moyo mwema. Hoyt aliniambia. Unasema hivyo ili usiniumize."

"Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa!"

"Usinihurumie, shemeji. Nimetembea kuja hapa."

Wynelle aliinua macho kumtazama Imogene, halafu Renae. Hakuna aliyekuwa na la kumpa. Ile picha ilikuwa nyumbani kwenye droo. Cheti kilikuwa kimerudishwa ukutani. Faili lilikuwa wilayani, na hata kama vyote vingekuwa vimepangwa pale juu ya zulia, mzee yule asingevitazama. Alikuwa anautazama mkono wake Wynelle, uliokuwa umelala kwenye mkono wa kiti. Akausubiri.

Mwisho Wynelle aliunyanyua, akamwekea kichwani.

"Nimekusamehe, Vester," alisema.

Wote watatu walisubiri. Imogene alikuwa amefumba macho. Walitarajia machozi, au ile furaha yake ya siku za picha. Vester alibaki amepiga magoti, na kitu fulani usoni mwake, kitu kidogo kilichokuwa kimebaki kimesimama muda wote ule, kilikaa chini.

"Basi ni kweli," alisema. "Nilikuwa naomba uwe wimbo tu."

Wynelle aliuondoa mkono wake upesi kama aliyegusa jiko. Imogene alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

Renae alipiga magoti kando ya baba yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza amtazame. "Ni wimbo, Baba. Ni wimbo tu. Niliutunga mimi, jikoni kwetu, kwa gitaa langu. Ile zamu niliibuni. Pombe niliibuni. Hakuna hata moja lililotokea. Unanisikia? Ni mimi niliyesema hivyo."

Vester alimsikiliza mpaka alipomaliza. Kisha akampigapiga mkono, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anayesema uongo kwa mapenzi.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa, mwanangu," alisema. "Utajuaje?"